Maji kwenye shafti ya pikipiki: kuingia yataingia, kazi ni kuyatoa

Swali la msomaji: "Nina pikipiki ya shafti, yaani gurudumu la nyuma linazungushwa na chuma kirefu badala ya mnyororo, imetembea kilomita 48,000. Napita sana njia za tope, na mara mbili tatu nimevuka maji yaliyofika kwenye ekseli. Juzi fundi alipofungua buti la mpira la nyuma, maji ya rangi ya kutu yalimwagika sakafuni. Oili ya difu ni safi, haina kasoro. Fundi ananishauri nijaze grisi ndani ya buti, kisha nizibe kingo zake kwa silikoni ili maji yasiingie tena. Hilo litatosha? Na shafti niliyonayo bado ni salama?"

Nianze na ushauri wa fundi wako, maana ndio unaoweza kukutia hasara. Usizibe kwa silikoni na usijaze grisi. Simlaumu, wengi wetu tumekua tukiamini kwamba dawa ya maji ni kuziba. Lakini mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu na kubeba shafti ndani yake, hauzibiki kikamilifu, na ukifanikiwa kuuziba nusunusu utakuwa umejenga tangi.

Hebu tazama kinachotokea unapoingia mtoni. Umeendesha saa nzima. Difu, lile kasha la gia kwenye gurudumu la nyuma, imepata moto, mkono umepata moto, na hewa iliyomo ndani yake vilevile. Tuseme imefika nyuzi 80. Ghafla unaingia kwenye maji ya nyuzi 25 na hewa ile inasinyaa. Ingekuwa imefungiwa kabisa, presha yake ingeshuka kwa karibu asilimia 15. Hiyo ni nguvu ya kunyonya sawa na ya kuuzamisha mkono kwenye kina cha mita moja na nusu. Wewe juu ya kiti unaona maji yamegusa ekseli tu, kumbe huko chini kila ukingo wa buti na kila sili inavutwa kwa ndani. Palipo na ufa wa unywele, maji yamepita.

Kutoka sasa ndiko kugumu. Mkono wa nyuma huinama kuelekea gurudumu, kwa hiyo maji yote yanatiririkia kwenye buti la nyuma, mahali pale pale ilipo jointi. Buti lina mikunjo, na kila mkunjo ni kibakuli. Ukianza safari tena, joto linayafanya kuwa mvuke, mvuke unapaka kila chuma kilichomo, na usiku unapoa ukawa umande. Kesho hivyo hivyo. Ndiyo maana hata pikipiki ambayo haijawahi kuona mto hukutwa na unyevu humo: imevuta hewa yenye unyevu ndani yake, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Historia inaliweka wazi jambo hili. BMW R 32 ya mwaka 1923 ilikuwa na shafti iliyo wazi, ukisimama kando unaiona inazunguka. Ilinyeshewa, ikarushiwa tope, ikakauka yenyewe. Mwaka 1955, kwenye modeli kama R 50 na R 69, shafti ilifichwa ndani ya mkono na kuogeshwa kwenye oili. Chuma kinachoogelea kwenye oili hakipati nafasi ya kushika kutu. Kazi ya mwenye pikipiki ilikuwa kubadilisha oili hiyo na kuangalia isivuje. Kisha mwaka 1987 ukaja mkono wa Paralever, kwenye R 80 GS na R 100 GS. Huu ulikuwa na jointi mbili, moja kila mwisho wa shafti, na ndani yake mkavu. Kwa mwendeshaji ilikuwa neema, kwa sababu nyuma ya pikipiki ilipunguza sana kuinuka na kuzama kila ukivuta mafuta na kuachia. Kwa shafti ilikuwa mkosi. Upepo wa kuikausha ilikuwa imeshaupoteza tangu 1955, sasa ikapoteza na oili ya kuilinda, ikabaki kwenye kasha lenye giza. Si ajabu kwamba BMW baadaye iliweka kilomita 60,000 kuwa kikomo cha kubadilisha shafti kwa baadhi ya pikipiki zake za injini ya bondia (silinda mbili zilizolala kushoto na kulia), huku ikikaguliwa kabla ya hapo. Watengenezaji wengine wana mipangilio yao. Kuna wenye jointi moja tu mbele karibu na giaboksi, na nyuma shafti inaingia moja kwa moja kwenye difu kwa splaini, yaani meno marefu yanayoingiana. Kanuni ni ileile.

Tuje kwenye jointi yenyewe, ile mafundi wanayoiita krosi kwa sababu katikati yake kuna kichuma cha msalaba. Msalaba una miguu minne, kila mguu umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa beringi za sindano: vyuma vyembamba kama njiti, vimebanana, na grisi kidogo sana. Mdomoni mwa kila kikombe kuna kisili cha mpira chembamba. Krosi nyingi za pikipiki za siku hizi hazina nipo ya kupigia grisi, kwa hiyo ile ya kiwandani ndiyo ya maisha yake yote. Ukijaza grisi kwenye buti, hata tone halitafika kwenye sindano. Itarushwa ukutani na mzunguko, itafunika kutu usiione, na itashika maji chini yake. Hilo ndilo jibu kamili la grisi ya fundi wako.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Krosi inafanya kazi kwenye pembe ndogo, kwa hiyo sindano hazibingiriki mzunguko mzima. Zinayumba tu, mbele na nyuma, juu ya kijisehemu kilekile, maelfu kwa maelfu ya mara. Grisi inasukumwa pembeni. Maji yakipita kile kisili, grisi iliyobaki inapauka na kuwa kama sabuni, chuma kinabaki uchi, na kutu inaanza pale hasa panaposuguliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo sindano zinabanana. Baada ya muda kila moja imejichimbia mfereji wake.

Shafti moja niliyowahi kuitoa ilikuwa inang'aa katikati kama imetoka dukani jana. Niliulaza uma wa nyuma, kile kipande chenye ncha mbili kinachoshika krosi, kwenye kiganja cha kushoto, nikauyumbisha kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Upande mmoja uliteleza vizuri. Upande wa pili ulifika katikati ukatua, tk, kama mlango wa kabati wenye sumaku. Ukiusukuma kidogo unarudi palepale. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Afadhali, ina kituo chake." Kile kituo ndicho ugonjwa wenyewe. Tulipokitoa kikombe, zilidondoka sindano tano au sita za rangi ya kahawia. Zilizobaki zilikuwa unga mwekundu.

Hivyo ndivyo utakavyoijua yako. Rangi ya maji yaliyomwagika haitoshi kukupa hukumu, kwa sababu yanaweza kuwa yamechukua kutu ya bomba la shafti tu, na hiyo ni ya juujuu, inasuguliwa na kuisha. Hukumu iko kwenye vidole. Ishike krosi, iyumbishe kwenye mihimili yote miwili. Iteleze kwa uzito mdogo ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa na kituo katikati, ikikwaruza, au ukiusikia uma unacheza ukiuvuta na kuusukuma, shafti hiyo imekwisha. Angalia pia midomo ya vikombe: vumbi jekundu linalotokea hapo ni kutu inayosukumwa kutoka ndani. Krosi ikikatika kwenye mwendo, uma unaobaki unapiga kila upande. Unaweza kupasua mkono au kulifunga gurudumu la nyuma. Shafti ya namna hiyo usiipe hata safari moja ya mwisho.

Dalili za barabarani huja zikiwa zimechelewa. Utasikia mtetemo mwembamba kwenye pa kukanyagia ambao unaongezeka na mwendo, au mlio wa tak unapoondoka kutoka kusimama. Ukiinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono ukiwa kwenye gia, mchezo kiasi ni wa kawaida, wa giaboksi na difu. Unachotafuta ni mlio mkavu, wa chuma kwa chuma, au mchezo ulioongezeka kuliko ulivyouzoea.

Kufungua si kazi ya kutisha. Kwenye mikono mingi ya aina ya Paralever unatoa gurudumu, unafungua kalipa ya breki na nyaya za sensa kama zipo, unalegeza klipu za buti, unafungua upau unaoizuia difu isijizungushe, kisha difu yenyewe inashuka ikining'inia kwenye mhimili wake na splaini zinachomoka. Ishikilie chini kwa kitu, usiiache ikivuta bomba la breki. Kabla hujachomoa chochote, chukua kalamu ya rangi upige mstari mmoja unaopita kwenye shafti na uma wake, pande zote mbili.

Mstari huo nitakuomba usiudharau. Krosi iliyokunja pembe haitoi mwendo ulio sawa: ndani ya kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Krosi ya pili, ikipangwa sambamba na ya kwanza, inalifuta kosa hilo. Shafti ya vipande viwili ikirudishwa na splaini zilizoruka meno, kosa halifutiki, na kwa mpangilio mbaya kabisa linakuwa maradufu. Mimi mwenyewe niliwahi kurudisha shafti kwa macho tu, nikijiamini. Pikipiki ilitoka ikitetemeka, nami nikamaliza siku mbili nikiisingizia tairi.

Ndani ya mkono, futa maji yote. Kama mkono ni wa alumini, utakuta unga mweupe. Hiyo ni kutu ya alumini, ipanguse kwa kitambaa na brashi laini. Bomba la shafti lisugue kwa brashi ya waya, likaushe, kisha lipake nta ya kuzuia kutu au utando mwembamba wa grisi, mwembamba kiasi cha kuacha alama ya kidole tu. Hapo ndipo grisi ina kazi. Karibu na vikombe vya krosi, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, na usiloweshe. Dawa za kupulizia kama WD-40 zilibuniwa kufukuza maji, na juu ya chuma kitupu zinafanya hivyo vizuri. Ukizipuliza kwenye mdomo wa kikombe zinaenda kuyeyusha grisi ambayo huwezi kuirudisha.

Splaini zina ugonjwa wao. Meno yake yanateleza kidogo sana kila mkono unapopanda na kushuka, na msuguano huo mdogo, maji yakiongezeka, unasaga chuma kuwa vumbi kama la tofali. Hapa grisi ya kawaida inarushwa mapema. Tumia pesti ya molibdeni, ile yenye molibdeni ya asilimia 40 hadi 60 au zaidi. Isichanganywe na grisi nyeusi ya dukani ambayo molibdeni yake mara nyingi ni asilimia 3 tu. Rangi zinafanana, kazi hazifanani. Honda kwa miaka mingi imeagiza pesti ya aina hii kwenye splaini za difu, na pikipiki zake nyingi za shafti zimezeeka na splaini nzima pale tu wenye nazo walipotii. Safisha meno mpaka yawe makavu, paka kwa brashi ndogo hadi kila bonde la jino liwe jeusi, basi. Ukishindilia, pesti inajaa mwisho wa tundu, hewa inakosa njia, na shafti inagoma kuingia mpaka mwisho.

Sasa buti. Likunjue mkunjo kwa mkunjo mbele ya taa. Nyufa huanzia kwenye bonde la mkunjo, sehemu usiyoiona likiwa limekaa mahali pake. Kagua mdomo wake kama umebonyea au umechanika. Unapolirudisha, paka mdomo grisi ya silikoni, ambayo haili mpira. Hii ni grisi, usiichanganye na ile silikoni ya kugandisha aliyoitaja fundi. Grisi ya petroli huvimbisha mpira wa aina fulani na baada ya miezi mdomo haukai tena kwenye mfereji wake. Zungusha kidole pande zote kuhakikisha mdomo umeingia, hasa chini, mahali macho hayafiki. Buti nyingi "zinazovuja" ninazoletewa hazijapasuka popote. Zilikaa vibaya siku zilipofungwa.

Kama pikipiki yako ina tundu au vali ya mpira ya kutolea maji kwenye mkono, ijue ilipo na uisafishe, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuzibwa na tope. Kama haina, kuna watu wanaotoboa mkono wenyewe. Mimi sikubali. Mkono unabeba uzito wote wa nyuma, na tundu lililotobolewa mahali pasipopimwa ni mwanzo wa ufa. Kutoboa kitundu kidogo kwenye buti, chini kabisa, ni jambo jingine. Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaofanya hivyo kwa watu wanaovuka maji kila wiki, wakikubali kwamba yataingia kirahisi mradi yatoke kirahisi. Kwa mwendeshaji wa kawaida naona ni heri kulegeza buti na kuchungulia.

Mara ngapi? Mimi hufungua kila kilomita 20,000 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Pikipiki ikizama kupita ekseli, fungua ndani ya wiki. Yakiwa maji ya bahari, au barabara iliyomwagwa chumvi wakati wa theluji, fungua siku hiyohiyo ukiweza na usuuze nje kwa maji baridi kwanza, maana chumvi ikibaki inavuta unyevu hata siku ya jua.

Kabla ya kuvuka maji marefu, simama dakika kumi na tano. Zima injini, nenda ukapime kina kwa miguu yako, ambalo ni jambo ulilopaswa kulifanya hata hivyo. Mkono ukipoa kabla ya kuzama, ule mvuto niliousema unapungua sana. Baada ya kuvuka, endelea na safari ndefu ikiwezekana. Pikipiki iliyolowa ikasimamishwa wiki tatu chini ya turubai inaoza kuliko iliyovuka mito mitano ikaendelea kutembea.

Usisahau difu, hata kama oili yako leo ni safi. Oili yake ni kidogo, kwa pikipiki nyingi robo lita au pungufu, kwa hiyo vijiko viwili vya maji ni vingi. Iache pikipiki usiku kucha imesimama wima. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, weka kikopo chini na ulegeze nati ya kutolea oili taratibu mpaka itoe tone. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yametua chini; yakiwepo, yatatangulia kutoka. Ukiona maji au oili iliyopauka kama maziwa, mwaga yote, weka oili mpya ya daraja aliloandika mtengenezaji, endesha, kisha irudie baada ya kilomita mia chache. Tundu la kupumulia la difu nalo lisafishwe, kwa sababu likizibwa na tope, difu inapopoa itavuta kupitia sili yake ya ekseli.

Kuosha kwa mashine ya presha ndiko kunakoingiza maji mengi kuliko mito. Mashine hata za nyumbani hutoa presha ya ba 100 na zaidi, na hakuna mdomo wa buti unaostahimili hilo ukilengwa kwa karibu. Sehemu ya mkono wa nyuma osha kwa ndoo na sifongo.

Kwako basi: fungua, uzifanyie krosi zote ilizonazo mtihani wa vidole. Zikiteleza sawasawa, safisha, paka, funga, na urudi kutazama baada ya kilomita 5,000 badala ya 20,000, kwa sababu maji yalikaa humo muda ambao hatuujui. Ukisikia kituo, hata kidogo, weka shafti mpya. Krosi zilizofungwa kwa klipu hubadilishwa peke yake. Zile zilizogongwa kingo kiwandani zinahitaji karakana yenye mashine ya kukandamiza na ya kusawazisha, na bila hizo mbili usikubali kufanyiwa. Vyovyote iwavyo, nunua buti jipya na klipu zake mara hii, hata kama la zamani linaonekana zima. Na ile mistari ya rangi uliyopiga kwenye shafti usiifute. Atakayefungua baada yako ataitafuta.